Mniko, Mama Mkwe na Haki Nne

Nyanungu ina madereva wengi, ila mwenye sheria vidoleni ni mmoja tu, Mniko. Shule aliiacha darasa la sita, sawa, na wewe usijifanye ulimaliza zote. Lakini siku Bernadetha wa msaada wa kisheria alipokuja kuwafundisha madereva haki zao barabarani, Mniko alikaa mbele kabisa akazihesabu haki nne kwa vidole. Tangu hapo ukimsalimia tu, anakuonyesha mkono. Wenzake wakamtania, "Mura, semina imekuingia mpaka kwenye kucha!"

Kilichobaki ni kumpata trafiki wa kuzijaribia haki hizo.

Alimpata Alhamisi moja. Alikuwa anampeleka mama mkwe wake, Ghati, Tarime mjini kwa madaktari wa macho waliokuja kwa siku moja, na saa sita mchana wanafunga daftari. Jicho la kulia la mama lilishaingia ukungu, la kushoto lilikuwa njiani. Sasa, Mkurya haketi bega kwa bega na mama mkwe, hilo hata mbuzi wa Nyanungu wanalijua. Kwa hiyo Ghati alipanda nyuma ya pikapu, akakalia gunia la ulezi la kumpelekea dada yake, akajifunika kitenge. Heshima ikatimia. Sheria hakuna aliyeiuliza.

Saa nne na nusu, mkono mweupe ukanyooka barabarani.

"Habari dereva. Leseni."

Mniko akatoa leseni, na kidole juu yake. "Haki ya kwanza, afande. Jitambulishe."

Trafiki akatabasamu. "Koplo Sheila Akello. Namba yangu hii hapa kifuani. Ya pili?"

"Niambie kosa langu."

"Umepakia mtu kwenye sehemu ya mizigo. Ya tatu?"

Mniko akaanza kutoka jasho, maana haki zilikuwa zinaisha haraka kuliko alivyopanga. "Sitoi hela mkononi. Niandikie, nilipe kwa namba ya malipo ya serikali."

"Naandika sasa hivi. Ya nne?"

"Naweza kukataa kosa, nikajitetea mahakamani."

"Unaweza kabisa. Unakataa?"

Hapo kidole cha nne kikalegea. Angekataa nini, na kosa lenyewe limekaa juu ya gunia linafuta vumbi machoni? Na saa inakwenda.

"Sikatai. Andika, afande, ila niwahi kumfikisha."

"Ukishaandikiwa nenda zako. Lakini mama haondoki hapa akiwa huko nyuma. Akae mbele."

Mniko akatazama vidole vyake. Hiyo haikuwa na kidole.

Sheila akazunguka nyuma. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie huyo dereva," Ghati akasema, maana kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kumsemesha mkwe wake moja kwa moja, "mimi mbele sikai. Afadhali nirudi na ukungu wangu."

"Mama, hata kwetu Wajaluo mkwe na mama mkwe hawabanani. Lakini ukirushwa kwenye kona, atakayekuja kukuokota ni nani? Si huyo huyo mkwe? Na atakushika wapi?"

Ghati akashtuka kuliko alivyoshtushwa na sheria. Akafikiri, kisha akalipiga gunia kofi. "Mwambie alishushe hili. Likae katikati yetu."

Gunia likapanda mbele, likafika usawa wa masikio. Ghati akaingia upande wake, akafunga mkanda. Sheila akachungulia dirishani.

"Na huyu wa katikati?"

Gunia nalo likafungwa mkanda.

Pikapu ikaondoka. Kisha ng'ambo ya ulezi ikatoka sauti ambayo Mniko alizoea kuisikia jikoni tu, ikiongea na mkewe Bhoke.

"Wewe gunia, muulize mkwe wangu ile haki ya tatu inasemaje. Nataka niwaambie wenzangu wa kikundi."

Mniko akainua kidole, akakumbuka haonekani, akakishusha. Akalieleza gunia taratibu, toka ya kwanza, na akarudia ya tatu mara mbili.

Saa tano na dakika arobaini daftari lilikuwa bado wazi. Mniko akabaki nje, chini ya dirisha, na karatasi yake ya faini mfukoni. Akamsikia muuguzi akiuliza, "Mama, umesindikizwa na nani?"

"Na mkwe wangu," Ghati akajibu kwa sauti ya kufika nje. "Andika hapo kwamba anajua sheria. Sasa anajua zote."