Zamu ya Nusu Wiki

Mshona mabegi yule alikuwa na miaka hamsini na minne. Kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye mashine moja kiwandani, akitazamana na shoga yake. Mumewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee aliolewa mbali. Nyumbani alilala tu. Maisha yake yalikuwa pale, kwenye umbea na vicheko vilivyoshinda ngurumo za mashine.

Mwaka ule biashara ikadorora. Mabegi yakarundikana ghalani hadi darini. Meneja akawakusanya, jasho likimtoka.

"Simfukuzi mtu," alisema. "Tutapunguza saa. Nusu mtaingia Jumatatu hadi Jumatano, nusu Alhamisi hadi Jumamosi."

Watu wakapiga makofi, mshonaji yule naye akapiga, roho ikamtulia. Kisha orodha ikabandikwa: yeye mwanzo wa wiki, shoga yake mwisho.

Alhamisi ya kwanza alifua, akapiga deki, na saa nne kazi zikamwishia. Akampigia binti yake.

"Mama, nipo kazini, nitakupigia."

Hakupiga.

Alhamisi iliyofuata miguu ikampeleka getini.

"Mama, leo si zamu yako," mlinzi alimwambia kwa upole.

"Nimesahau miwani ndani."

Mlinzi akaitazama miwani iliyokuwa puani mwake, akafungua geti.

Kwenye kiti chake alikaa mtu mwingine. Shoga yake akainua macho. "We nawe, hujui kupumzika?" Wakacheka, lakini msimamizi alishawakazia macho, ikabidi aondoke. Akapitia kwa karani wa zamu.

"Nibadilishie siku, baba. Niweke na shoga yangu."

"Zimejaa, mama. Hali ikitengemaa mtarudi wote."

Ilitengemaa baada ya miezi minane. Siku hiyo alifika mapema, gauni limepigwa pasi. Waliingia wote ila shoga yake. Zile siku za kukaa bure alikuwa ameanza kupika shuleni, na sasa wamemwajiri moja kwa moja.

"Ningekwambia," alisema kwenye simu, masufuria yakigongana nyuma yake, "ila tumepishana mno."

"Hongera, shoga," alimjibu, na alimaanisha.

Mbele yake wakamweka msichana mwenye visikilizio masikioni. Akamkaribisha. Msichana akachomoa kimoja.

"Samahani, sikusikia. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akasubiri neno jingine. Msichana alikwishainamia begi lake.