Weusi wa Yasini mikononi mwa Dorcas

Mvua ya masika inapiga mabati ya matbaa moja ndogo ya Magogoni, Kisauni, na Dorcas Nyamvula hainui macho. Mbele yake kuna kioo chenye taa chini yake, na juu ya kioo filamu nne za kupigia chapa, moja kwa kila wino. Anazikagua moja moja. Ya wino wa samawati haina herufi. Ya waridi haina, ya manjano haina. Maandishi yote yako kwenye ya wino mweusi.

"Sasa naweza kupumua," asema mama huyu wa watoto watatu, mkaazi wa Mtopanga.

Kazi yake ni kutayarisha kurasa kwenye kompyuta kabla hazijapigwa chapa. Picha ya rangi huigawanya katika wino nne, na mtambo huipitisha karatasi mara moja kwa kila wino. Maandishi meusi yanatakiwa yabaki kwenye wino mweusi peke yake. Yakigawanywa nayo, karatasi ikisogea hata kwa unywele, kila herufi hutoka na kivuli.

"Kwenye kompyuta weusi wote unauona mmoja," aeleza. "Kosa utaliona kwenye karatasi, na maji yakimwagika hayazoleki."

Hilo alijifunza kwa machozi, masika ya mwaka 1996.

Bi Mwanasaumu wa Likoni alikuwa amefiwa na bintiye, Mwanarusi. Alitaka vijitabu vya Yasini, sura ya Kurani, vya kugawa kwenye hitma, kisomo cha kumwombea marehemu siku ya arobaini, Ijumaa. Alileta Yasini ya marehemu mwenyewe, yenye nakshi ya kijani pembeni, akaomba vifanane nayo na jina la bintiye liandikwe juu.

Dorcas alizipiga skana kurasa nzima, nakshi na aya pamoja, akaiacha kompyuta igawanye vyote. Karatasi nazo zikavuta unyevu wa mvua, zikatanuka. Aya zikatoka na ukungu wa waridi.

Hilo pengine lingesameheka. Lakini desturi ya matbaa ile ni kuweka karatasi zilizoharibika mlangoni, azichukue Kache, muuza njugu, za kufungia. Dorcas, akili zimemruka, alifunga robota akaliweka papo hapo mlangoni. Bi Mwanasaumu alipokuja kuchukua kazi yake, akakutana nalo.

"Shikamoo, Bibi," Dorcas alimwamkia.

"Wallahi leo siitikii," mama yule alijibu, akilinyooshea robota kidole. "Maneno ya Mwenyezi Mungu yafungiwe watu njugu? Na jina la mwanangu lipo hapo!"

Dorcas ni Mkristo, lakini amezaliwa Kisauni, akakulia Kisauni, katikati ya Waislamu.

"Si kwamba sikujua. Nilijua," asema. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Mwenye matbaa alimwambia kazi isipotoka safi kabla ya Ijumaa, asirudi tena. Mumewe ni kibarua wa Changamwe, leo anapata, kesho hapati. Nyumba nzima ilitegemea mshahara wa Dorcas.

Ishaka, mpiga mtambo, ndiye aliyemwonyesha la kufanya. Mvua ilipopumzika, yeye alizichoma zile karatasi mahali safi, na Dorcas akachimba shimo la kufukia jivu, pembeni pasipokanyagwa na mtu. Kisha akaanza upya. Nakshi aliitayarisha peke yake kwa rangi, aya peke yake kwa wino mweusi tu, ndipo akazipandisha aya juu ya nakshi.

Alhamisi alivuka feri kwenda Likoni, vijitabu kifuani.

Bi Mwanasaumu alifungua kimoja, akapitisha kidole juu ya aya, mstari kwa mstari. Kisha akauliza, "Na zile nyingine?"

"Tumezichoma, Bibi, jivu tumelifukia. Shimo nimelichimba mwenyewe."

"Basi ingia ndani, mwanangu. Msiba hausimamiwi mlangoni."

Urafiki wao ulianzia hapo. Sasa Dorcas anaweka akiba anunue kompyuta yake na afungue chumba cha kazi Mtopanga. Mteja wa kwanza ameshajitokeza, ni Bi Mwanasaumu mwenyewe. Anataka Yasini ya hitma yake itengenezwe na Dorcas, si mtu mwingine.

"Nakshi ameshaichagua," asema Dorcas, akicheka huku machozi yakimlengalenga. "Kila Idi nikienda kumwamkia, hunikumbusha. Kompyuta naiomba kwa Mungu mwaka huu huu. Lakini kazi ya Bibi, hiyo namwomba aicheleweshe."