Siki Isiyomwagika

Kisiwani Cape Barren, ukitaja mkufu wa simbi umemtaja Verna. Simbi zenyewe ni vigamba vya konokono wadogo wanaoishi kwenye mwani. Huokotwa maji yakipwa, zikalowekwa kwenye siki ili utando wa kahawia utoke, ule ukijani uliojificha uanze kung'aa. Lakini kidogo tu, jamani! Ukisahau bakuli ukaenda kupiga soga, utarudi ukute zimelainika, hazifai hata kuchezewa.

Mwaka ule Verna alikuwa akimtungia Kerrin, binti wa kaka yake, mkufu wa harusi. Alikuwa amemwahidi tangu mtoto hajaota meno. Sasa kila alipotia sindano, tak! Simbi inapasuka. Vipande akavificha mfukoni mwa aproni, na moyoni akajihukumu: mkono umezeeka, mkufu huu sitaumaliza.

Kerrin akamfuma.

"Shangazi, unafuga panya mfukoni? Mbona panachakarika?"

"Niache mie."

"Umesahau siki tena! Ulikuwa kwenye simu na Shangazi Ida, nakujua."

"Koma! Siki nimeichunga kama mtoto mchanga. Ni mkono huu. Harusini utavaa ushanga wa dukani, watu watucheke."

Kerrin hakucheka. Alipanda kiti, akateremsha chupa ya simbi za marehemu bibi yake, zilizookotwa Verna angali msichana.

"Toboa hii."

Sindano ikapita. Ya pili ikapita, na ya tatu. Verna akashika mpya: tak!

"Mkono mzima huo," Kerrin akasema.

Verna akacheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikamkatikia njiani.

"Kama si mkono, ni nini?"

Kerrin alikuwa amewasikia wataalamu waliopita kisiwani kupima maji ya bahari. Akamweleza kwamba moshi wa magari na viwanda una hewa ya ukaa, na bahari huinywa hewa hiyo. Ikizidi, maji huelekea uchachu, na viumbe wenye magamba hupata shida kupata chokaa ya kujijengea. Wachanga ndio huumia kwanza.

"Simbi zetu hawajazipima, lakini," akaongeza.

"Nimezipima mimi, kwa sindano. Yaani nikiziokota, zimeshalowekwa?"

"Siki nyepesi mno, Shangazi. Ila bakuli lake hakuna wa kulimwaga."

Verna akavimwaga mezani vipande vya mfukoni.

"Ungekuwa mkono," akasema, "ningekukabidhi wewe sindano, yakaisha."

Akaimimina chupa ya mama yake. Mkufu mmoja ungetoka humo, wa pili usingetoka.

"Na binti yangu je, nikijaliwa?" Kerrin akauliza.

Verna akamsukumia sindano na kisahani cha simbi mpya.

"Anza na hizi. Usizikandamize. Zungusha, kama unamtoa mtoto kibanzi."

Kerrin alipasua nyingi, na shangazi akamtania kila mara. Siku ya harusi Kerrin alivaa simbi za bibi yake. Katikati ilikaa moja mpya, aliyoitoboa mwenyewe, na kila mtu alipomkumbatia, Verna alipiga kelele, "Polepole hapo kifuani!"