Fundi Aliyechoka Kumng'oa Bosi Garini

BRASELTON, GEORGIA. Saa tatu asubuhi ya Ijumaa, Verlene Stokely ameegemeza goti lake zima kwenye ubavu wa gari la mbio. Goti bovu linaning'inia. Mikono yake yote miwili imezama makwapani mwa mwanamume mwenye helmeti, na anamvuta kama anayezalisha ng'ombe.

“Bosi, toa mguu wa kushoto.”

“Nimeshautoa!”

“Ulioutoa ni wa kulia.”

Hili ni zoezi tu la kubadilisha dereva. Pembeni, fundi mkuu wa timu, Odell Crump, anatazama saa ya kuhesabia sekunde, kisha anaitia mfukoni.

“Bosi,” anasema, “mafuta yameshajaa, gari la kijani limeshapita, na wewe bado unazaliwa.”

Hatimaye mtu anatoka. Anatoka na kiti chake. Povu gumu lililochongwa kwa umbo la mwili wake limemng'ang'ania mgongoni na kiunoni, na kwa hatua mbili tatu anatembea hivyo hivyo, kama kobe, mpaka Verlene anapolibandua kwa kiwiko.

“Ovaroli imerudi kwa kufuliwa,” anaeleza Royce Haverty, mwenye gari, akivua helmeti.

“Ovaroli hairudi, Royce. Kitambaa cha Nomex, cha kuzuia moto, hakirudi.”

“Hii imerudi.”

Verlene ana miaka arobaini na tisa. Siku za kazi hushona viti vya mabasi ya shule katika karakana moja mjini Commerce. Wikiendi za mbio ni fundi wa viti na msaidizi wa kubadilisha madereva katika timu ya Haverty, inayoshiriki mfululizo wa mbio za prototaipu wa Amerika Kaskazini. Haya si magari ya barabarani yaliyoongezewa nguvu. Yametengenezwa kwa mbio tu: ni mafupi, yako chini, na chumba cha dereva kina upana wa beseni la kuogea.

Kila gari huendeshwa na madereva wawili kwa zamu. Mmoja analipwa. Mwingine ni mtu wa kawaida mwenye kazi nyingine, na mara nyingi ndiye anayelipia kila kitu. Royce, ambaye kampuni yake hufunga viyoyozi kuanzia Gainesville hadi Athens, ni huyo wa pili. Dereva wa kulipwa ni Fabrice Thibodeau, kijana mwembamba kutoka Québec.

Kazi ya Verlene hupimwa kwa mafuta. Pampu hujaza kila gari kwa mwendo uleule. Dereva akibadilishwa kabla mafuta hayajajaa, timu haijapoteza kitu. Mafuta yakijaa na mtu bado amekwama, magari mengine yanakwenda.

“Msimu huu mafuta yametushinda kila mahali,” anasema. “Florida yametushinda. New York yametushinda. Ontario nilimvuta mpaka nikasikia kitu kinalia, nikadhani ni gari. Kumbe ni goti langu.”

Chanzo kinajulikana na kila mtu kwenye timu isipokuwa mmoja. Kiti cha Royce kilimwagwa mwezi Machi. Dereva hukalishwa garini juu ya mfuko mkubwa wa nailoni, dawa mbili huchanganywa humo, na povu huumuka likamkumbatia. Lazima atulie kama maiti hadi ligande. Likishaganda, hapo ndipo umbo lake linapobaki, kama kiatu cha kushonesha.

Tangu Machi, Royce amefunga mikataba ya shule nne mpya na kila mkataba umekuwa na chakula chake cha mchana. Kiti kimebaki na mtu wa Machi. Verlene amemwomba akimwage upya Mei, Juni na Agosti.

“Kiti hakina neno,” Royce anasema alipoulizwa. “Mimi nimepungua, kama kuna mabadiliko yoyote. Muulize mke wangu.”

Mkewe hakuwepo uwanjani.

Lingekuwa jambo la kuchekesha kama si sharti la Royce. Mwezi Septemba Royce aliwakusanya wafanyakazi wake wanne wa timu na kuwaambia kwamba wakimaliza msimu katika nafasi tatu za juu, gari litabaki mwaka mwingine. Wasipomaliza, ataliuza. Walikuja Braselton wakiwa wa tatu, kwa pointi chache mbele ya gari la kijani la timu moja kutoka Ontario. Kwa hesabu ya Odell, walitakiwa wamalize mbio za Jumamosi mbele ya gari hilo. Basi.

Kwa Verlene, timu si mshahara tu. Karakana ya mabasi inamlipa dola kumi na tisa kwa saa bila bima ya afya. Bima anaipata kwa Royce, na goti lake limepangiwa upasuaji Februari. Gari likiuzwa, bima inaondoka nalo.

“Yeye ndiye aliyetutungia mtihani,” anasema, akikunja kitambaa kwa nguvu isiyohitajika, “na yeye ndiye anayetufelisha. Halafu ananiuliza mbona nina sura ya hasira.”

Ijumaa mchana, baada ya zoezi la asubuhi, alijaribu mara ya mwisho. Dawa za povu alikuwa nazo kwenye gari lake.

“Robo saa tu, Royce. Unakaa, unanyamaza, tunamaliza.”

“Kabla ya mbio huwa sibadilishi kitu. Mkosi.”

“Umebadilisha mkanda wa suruali mara mbili.”

“Verlene, dada yangu, umekula? Kuna nyama ya nguruwe kule kwenye hema. Kula, utapoa.”

Akaenda kula yeye.

Verlene akasubiri mpaka bosi alipojaza sahani. Kisha akakitoa kiti garini, akakilaza juu ya meza, akabandua kitambaa cha kuzuia moto na kuchukua kisu cha mkate cha mpishi wa timu. Akakata povu, vidole viwili kila upande wa nyonga, na kipande kingine chini ya mbavu. Makombo akayatia kwenye mfuko wa taka. Akarudishia kitambaa na kukigandisha kwa gundi.

“Nilikata vizuri,” anasema. “Kosa langu lilikuwa kwingine. Nilimfikiria mnene, nikamsahau mwembamba.”

Ni kosa ambalo fundi wa viti pekee ndiye anayeweza kulifanya, na anayeweza kujilaumu kwalo. Katika gari la madereva wawili, kiti cha mkubwa hubaki ndani. Mdogo huja na chake chembamba, kikatumbukizwa ndani ya kile kikubwa na kukaa kama kikombe ndani ya kikombe. Verlene alikuwa amepanua kikombe cha nje.

Jumamosi, Royce alianza mbio na kuendesha vizuri. Hilo halina ubishi. Alipoingia kituoni kuhudumiwa alikuwa wa sita, gari la kijani likiwa nyuma yake. Bomba la mafuta likachomekwa. Verlene akafungua mikanda, akaingiza mikono, akavuta. Bosi akatoka kwa mkupuo mmoja, karibu waanguke wote wawili. Kiti kikabaki mahali pake.

Verlene akatumbukiza kile chembamba, Fabrice akaingia, mikanda ikafungwa. Pampu ilikuwa bado inajaza. Odell akatoa saa mfukoni, akaitazama, akaitikisa kwa kutoiamini.

Gari lilipofika kona ya kwanza, redio ikalia.

“Verlene! Hiki kiti kinacheza!”

“Kinacheza vipi?”

“Kama jino bovu! Naogelea humu!”

Hapo ndipo alipojua. Wanaomfahamu wanasema hawajawahi kumwona akikaa chini wakati wa mbio. Alikaa juu ya tairi.

“Shika usukani, mwanangu,” akamwambia. “Huo hauchezi.”

Fabrice aliendesha zamu yake yote akijikaza kwa magoti na viwiko. Kila kona ilimtupa ubavuni. Gari la kijani lilimkaribia taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, na mwishoni lilikuwa karibu kiasi kwamba Odell aligeuza uso. Bendera ilipopepea, Fabrice alikuwa mbele kwa urefu wa gari moja na nusu. Timu ya Haverty imemaliza msimu ikiwa ya tatu.

Alipotoka, Fabrice aliinua fulana. Mbavu zilikuwa za rangi ya zambarau.

“Nani aliyegusa kiti?” akauliza.

Verlene hakuficha. Aliuleta mfuko wa taka na kuumwaga mbele ya Royce, aliyekuwa ameshika mkate wa nyama.

“Hivi ni vipande vya kiti chako. Nilikata jana. Ndiyo maana umetoka.”

Royce aliokota kipande kimoja, akakigeuzageuza.

“Nimetoka kwa sababu nimepungua,” akasema. “Nilikwambia tangu Mei.”

“Royce, nilikikata kwa kisu cha mkate.”

“Na kiti kimefanya kazi vizuri, si ndiyo? Kiache hivyo hivyo kwa mwaka ujao.”

Akampigapiga begani, akawatangazia wote kwamba gari linabaki, na akaenda kuongeza mchuzi.

Kwa hiyo bima ipo, na upasuaji wa goti upo palepale Februari. Mpango wa Verlene ni kumwaga viti vyote viwili upya Januari, kabla timu haijaenda Florida. Ameshamwambia Royce tarehe. Royce amejibu kwamba wangoje kidogo, kwa kuwa kufikia wakati huo atakuwa amepungua zaidi.

“Atakaa kwenye huo mfuko wa povu,” anasema Verlene, akiinama na goti lake kukusanya makombo ya povu, kwani hakuna mwingine aliyejitolea. “Kiti kile kimebaki unene wa biskuti. Nikikata tena, nitakuwa nakata gari.”