Twiga Dirishani kwa Bi Rehema

Kila ninaposikia nyaya za simu zikivuma kwa upepo, moyo hunienda mbio kama asubuhi ile aliyopita twiga.

Vita vilikuwa vimekwisha karibuni. Shangazi Zuhura, dada wa baba, alifiwa na mumewe angali kijana, nami nikapelekwa nikae naye katika miezi ya eda yake nimliwaze, ghorofani juu ya duka la kanga, katika Mtaa wa Biashara kama uitwavyo sasa. Kazi ilinishinda. Nilimwimbia, nikamwigiza mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, nikamletea kaimati za moto. Hakucheka wala hakusema. Mlangoni alikaa mama mkwe wake, Bi Rehema, na tasbihi yake, akilinda asionekane na mwanamume yeyote. Nilimwogopa, na niwaambie kweli, nilimchukia.

Mara barabara nzima ikalipuka kelele. Twiga! Yuko juu ya lori, katoka Tana, apelekwa Kilindini apakiwe meli ya Ulaya! Mwenye duka alikuwa ametangaza tangu jana kwamba mnyama huyo hapatikani popote duniani ila Afrika. Nasi tuliozaliwa Afrika hiyohiyo hatukuwa tumemwona hata siku moja. Lori likasimama chini yetu kabisa, maana nyaya za simu zilimzuia shingo, na mtu mmoja akawa aziinua kwa upondo. Nilidhani nitazimia kwa furaha.

"Bibi, tufungue dirisha! Shangazi naye amwone!"

Bi Rehema akaacha kuhesabu tasbihi. "Ni dume ama ni jike?"

Msicheke. Nyumba ile hata jogoo alikuwa amehamishiwa kwa jirani mpaka eda iishe. Nikachungulia kwenye upenyo wa dirisha, nikauliza kwa ukelele. Mwenye upondo akajibu kwa sauti ya kufika Mbaraki: "Dume!"

Machozi yakanijaa. Shangazi akageukia ukuta. Basi Bi Rehema, aliyekuwa akisikia hata paka akitembea darini, akasema, "Mesema jike, nimemsikia mimi. Mfunike shangazi yako kanga, kisha ufungue."

Nilifungua kwa mikono miwili! Kichwa chenye kope ndefu kikalijaa dirisha lote, ulimi mweusi ukatoka, ukaivuta kanga ya Shangazi, na mnyama akaanza kuitafuna.

"Mama, mtazame! Yuwala kanga yangu!" Shangazi akacheka, akacheka mpaka akaketi sakafuni, nami nikaruka kama mwehu.

Bi Rehema alikuwa ametupa mgongo, mabega yakimtikisika. Nilidhani naye anacheka.

Nilikuwa mtu mzima, nina wana wangu, nilipofahamu. Marehemu alikuwa mwanawe, wa pekee. Alikuwa na haki ya kutaka nyumba nzima ilie pamoja naye. Badala yake alisema uongo ili mkaza mwanawe acheke.