Nilinunua mashine ya welding ya waya, nikashindwa na posho mill ya jirani

Wakuu, salamu kutoka hapa cyber, Kitale. Ninayowasimulia yalinipata mimi mwenyewe, na shahidi ni mke wangu, ambaye hajamaliza kucheka.

Bawaba za geti letu ziling'oka. Wazazi wa mke wangu walikuwa waje Jumamosi kutoka Bungoma, mara yao ya kwanza kuona nyumba yetu. Akasema tuite fundi. Nikasema mtu mwenye digrii hawezi kushindwa na bawaba mbili.

(Digrii yenyewe ni ya historia.)

Nilisoma wiki nzima. Dukani kulikuwa na mashine mbili ndogo. Moja ilitaka mtungi wa gesi, na kuujaza ni safari. Tena ukiwa nje, upepo unaipeperusha gesi. Ya pili ilitumia waya wenye dawa ndani, haihitaji gesi. Muuzaji akaijaribu, chuma kikashikana vizuri kabisa. Nikaichukua.

Hadi leo nasema nilichagua vizuri. Shida ilikuwa nyumbani.

Alhamisi nikavaa kofia ya kuchomelea, nikabonyeza. Waya ukatoka, cheche mbili, halafu ukajikunja juu ya chuma kama tambi. Nikabadilisha spidi. Nikasoma kitabu cha mashine upya, hadi kurasa za Kifaransa. Bawaba ikashika, nikaigusa kwa kidole, ikaanguka.

"Baba Neema," mke wangu akaita kutoka jikoni, "si unajua posho mill ikisaga hata taa huku inakuwa kama mshumaa?"

Sikuwa najua. Posho mill ya jirani yetu Mama Nekesa, anayesagia watu mahindi, iko kwenye laini yetu ya stima, na sisi ndio wa mwisho. Akisaga, tunabakiziwa makombo. Nilikuwa nimesoma kila kitu isipokuwa plagi yangu.

Ijumaa nikaenda kwake, mpole kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nizime mashine na watu wamepanga laini? Ati kwa sababu ya geti?"

"Wakwe wanakuja kesho, mama."

"Wa wapi?"

"Bungoma."

Akanitazama. "Hao ni watu wetu, bana. Nusu saa. Halafu uje uzibe hii mdomo ya mashine yangu, imepasuka."

Wateja wake wakanifuata kutazama.

"Huyu anachomelea ama anaandika barua?" mmoja akauliza.

Lakini safari hii waya ulinguruma sawasawa. Mshono ulifanana na kinyesi cha kuku, ila ulishika.

Jumamosi baba mkwe akalitikisa geti kama anayenunua ng'ombe.

"Fundi ni nani?"

Nikapanua kifua. Mke wangu akaniwahi: "Ni Mama Nekesa wa posho mill."

Nilichojifunza: kabla ya kuchagua mashine, pima stima inayofika kwako wakati majirani wako kazini.

Wenye mashine kama hii, nyinyi huchomelea saa ngapi? Maswali ya waya nitajibu. Ya stima, muulizeni mke wangu.