Malengelenge ya Bi Kuluthumu

Shamila Halfani amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti pale Kizota, na kazi yake ni kupokea magunia. Mkulima akishusha gunia, Shamila hulitazama kwanza, kisha hulichoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, ubavuni na tena chini kabisa, maana anajua mchanga hauwekwi juu. Amekwisha kukuta mawe, makapi, na siku moja hata kiatu cha mtoto. Wakulima humsalimia kwa heshima na kumsema akigeuka, naye hajali. Mumewe wa zamani alipata kulalamika kwamba kuishi na Shamila ni kama kukaa na trafiki ndani ya nyumba, kila siku unaonyesha leseni. Shamila alimjibu kuwa mwenye leseni haogopi kuulizwa. Baadaye ikajulikana kwamba bwana yule alikuwa na mke mwingine Manyoni.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyelazimika kumkabidhi mama yake mikononi mwa watu baki.

Mama yake, Bi Kuluthumu, ni Msandawe wa Chemba, mwanamke aliyelima maisha yake yote. Alipofiwa na mumewe, Shamila alimchukua wakaishi wote Kizota, na kwa miaka michache mambo yakaenda vizuri. Kisha akaanza kusahau. Alisahau sufuria jikoni, akasahau majina ya wajukuu, akawa anaamka asubuhi na kuuliza ng'ombe wamepelekwa wapi. Daktari akasema ni ugonjwa wa usahaulifu, unaowapata baadhi ya wazee, na hauna dawa ya kuuponya. Kiswahili nacho kikaanza kumtoka. Kilichobaki ni Kisandawe chenye vidoko vyake, ile milio ya kugongesha ulimi, lugha ambayo Shamila, binti wa baba Mrangi aliyekulia mjini, aliijua nusu ya nusu.

Kama kusahau kungeishia ndani ya nyumba, Shamila angevumilia. Lakini Bi Kuluthumu alikuwa akitoka. Siku moja mchana alikutwa uani kwa jirani, amechuchumaa, amefunga udongo kwenye pindo la kanga, anaufukia kidogo kidogo chini ya ukuta huku akisema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mtoto wa nyumba ile alikuwa anaumwa wiki hiyo. Hapakuhitajika zaidi ili aitwe mchawi. Kufikia Ijumaa wanawake walikuwa wakinyamaza Shamila alipokaribia bombani, na Jumatatu jiwe lilipigwa kwenye bati la nyumba yake saa nne asubuhi, jua likiwaka, bila aliyelirusha hata kukimbia. Shamila alilitazama jiwe lile, akamtazama mama yake aliyekuwa akichambua mchicha wa kufikirika mapajani, akajua majirani wanaelekea wapi.

Ndipo aliposikia habari za Makao ya Pumziko, kule Mkonze. Ilikuwa nyumba ndefu yenye vyumba kumi, imezungushiwa ua wa minyaa, ikiwahifadhi wazee kumi na watatu wenye ugonjwa kama wa mama yake. Meneja wake, bwana mmoja kijana aliyeitwa Frank, alimtembeza kila mahali. Vitanda vilikuwa safi. Jiko lilikuwa safi. Shamila alifungua makabati, akanusa mashuka, akainua mfuniko wa pipa la maji. Meneja akacheka.

"Dada Shamila, wewe ungefaa kuwa mkaguzi."

"Ndiyo kazi yangu," akasema.

Aliyekabidhiwa Bi Kuluthumu alikuwa mhudumu aliyeitwa Scolastika, Mgogo wa Mvumi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene, mkimya, asiyependa kumtazama mtu machoni. Shamila hakumpenda tangu siku ile. Mtu akikwepa macho, yeye humwona kama gunia lililoshonwa upya.

Kutembelea wazee kuliruhusiwa Jumapili tu. Jumapili ya kwanza Shamila alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, kidevu kifuani, amesinzia. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alimtikisa bega, mama akafumbua macho, akamtazama kama anayetazama ukuta, akayafumba tena.

"Ametulia sana," meneja alisema. "Wakizoea mazingira huwa hivi."

Lakini Shamila alikuwa ameshika mkono wa mama yake, na alipougeuza aliona malengelenge. Yalikuwa manne kwenye kiganja cha kulia na mawili cha kushoto, mengine yamepasuka. Na juu kidogo, vifundo vyote viwili vya mikono vilikuwa na alama za zambarau.

Akamwita Scolastika. "Hiki nini?"

Scolastika alitazama viganja, kisha akatazama sakafu. "Labda amejikwaruza, dada."

"Kujikwaruza kunaleta malengelenge?"

"Sijui, dada."

Shamila alirudi Kizota na maneno yale mawili, "sijui, dada," yakawa yanamzunguka kichwani kama nzi. Alama kwenye vifundo zilimaanisha kamba. Malengelenge yalimaanisha kazi. Wanamfunga, au wanamtwangisha mahindi ya kituo kizima? Na kwa nini mama alale mchana kutwa kama hafanyishwi kazi siku zote nyingine?

Jumatano akaomba ruhusa kazini na kwenda Mkonze bila kumwarifu mtu. Mlinzi, mzee mmoja aliyeitwa Adamu, alikuwa mpole lakini hakufungua geti.

"Shikamoo mzee. Nataka kumwona mama yangu."

"Marahaba, binti. Siku ni Jumapili. Mimi nimeambiwa hivyo."

Shamila akaaga, akazunguka nyuma kwa mguu, akifuata ua wa minyaa mpaka alipopata upenyo. Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa nane, upepo ukisukuma vumbi, ardhi imekauka kama kigae. Na ndani ya ua, kwenye jua lile, mama yake mwenye miaka sabini na nane alikuwa analima.

Ameshika jembe kwa mikono miwili, anainua, anapiga. Kando yake, juu ya ndoo iliyofunikwa, Scolastika amekaa na mtandio wake kichwani, anatazama.

Shamila hakumbuki vizuri alivyopita kwenye minyaa ile. Utomvu wake ulimwunguza shavu siku mbili. Anachokumbuka ni kwamba alipiga kelele, akamwita Scolastika mnyama na mtesaji wa wazee, na kwamba Scolastika alisimama mikono imening'inia. Na jambo jingine analikumbuka, ingawa siku hiyo hakulipa uzito: mama yake aligeuka, akamwona, akacheka. Akamwita "Shami," jina ambalo hakulitumia tangu binti yake avunje ungo.

Meneja alikuja mbio. Alisikiliza nusu dakika tu.

"Huyu hana kazi tena hapa," akasema mbele ya wote. "Dada, tunakushukuru. Umetusaidia."

Shamila alirudi nyumbani mshindi. Lakini usingizi wa ushindi haukufika asubuhi. Miaka kumi na tisa ya magunia ilikuwa imemfundisha kitu kimoja: mkulima ambaye gunia lake limekutwa na mchanga hubisha. Hulaumu mpagazi, hulaumu panya, huapa kwa jina la Mungu. Anayekubali haraka ana lori zima ambalo hataki ulifikie. Mbona meneja hakubisha? Mbona hakumwuliza mhudumu wake hata swali moja?

Jumapili iliyofuata viganja vya Bi Kuluthumu vilikuwa vinapona. Lakini Shamila alipomwekea kikombe cha maji mdomoni, maji yalimwagika kidevuni, maana mama hakuweza kuamka kiasi cha kumeza. Ndipo lile jina, Shami, lilipomrudia. Jumatano alikuwa macho. Jumatano alimjua mtoto wake.

"Mama anapewa dawa gani?" akauliza.

"Za presha," meneja akajibu.

"Mama yangu hajawahi kuwa na presha."

"Wazee, dada. Leo hana, kesho anayo."

Wakati wa kutoka, Mzee Adamu alifungua geti polepole kuliko kawaida. Akasema kama anayezungumza na kufuli: "Yule binti amerudi kwao Mvumi. Nyumba ya tatu ukipita hospitali, yenye mlango wa kijani."

Jumanne Shamila alikuwa Mvumi. Akabisha hodi na kusalimia kwa Kigogo kidogo alichokijua, "Mbukwenyi," na mlango wa kijani ukafunguliwa kiasi cha uso mmoja. Scolastika alipomwona hakustaajabu, ila alitazama nyuma ya bega lake barabarani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Simu yako iweke pale kwenye kigoda, nje. Sitaki kurekodiwa."

Shamila aliiweka. Alihisi, kwa mara ya kwanza maishani, jinsi inavyokuwa kuchomwa bambo.

Walikaa. Scolastika alizungumza akitazama mikono yake. Alieleza kwamba kila siku baada ya chakula bibi alitaka kwenda shamba. Akizuiwa alishika nondo za dirisha na kuzitikisa, saa nzima, mpaka vifundo vikavilia damu. Hakuna kamba iliyomfunga. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, Scolastika alimpa jembe la bustani. Bibi akalima hatua sita, akaimba, akala ugali wote, akalala usiku kucha. Kuanzia hapo akawa anampeleka kila alasiri, meneja akiwa mjini.

"Nilimvika soksi mikononi, akazivua. Ningefanyaje?"

"Na usingizi wa Jumapili?"

"Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi wote wanapewa vidonge. Ili wageni wakija wasikute mtu analia wala anapiga mlango. Jumatatu tunapata shida kuwaamsha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Dada, tangu siku ya kwanza ulinitazama kama mwizi. Ningekuambia, ungemwambia meneja, mimi nina watoto wawili. Na bado ulimwambia."

Hata hivyo, njiani kurudi Shamila alijikuta akimpima tena. Aliyefukuzwa kazi ana sababu ya kumchafua aliyemfukuza. Maneno matupu hayakumtosha; alitaka kuona kwa macho yake.

Ijumaa alikwenda Pumziko na uongo wake tayari: kuna hitima ya ukoo huko Chemba, mama anatakiwa, atamrudisha Jumatatu. Meneja alisita, akakubali. Wakati wa kuondoka akampa bahasha ndogo.

"Vidonge vyake vya Jumamosi na Jumapili. Usisahau, atakusumbua."

Shamila aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Hawakwenda Chemba. Alimpeleka mama Kizota, akafunga geti, akakaa naye siku tatu bila kumpa kidonge hata kimoja. Jumapili ile Bi Kuluthumu hakusinzia. Alizunguka uani, akamfokea kuku, akala mara nne, akalia kidogo jioni bila sababu, akasahau kwa nini analia. Hakuwa mtulivu hata chembe. Alikuwa mama yake.

Jumatatu Shamila alipeleka bahasha kwa mfamasia wa hospitali moja mjini. Mfamasia aliviweka vidonge kwenye kipande cha karatasi, akavitazama, akauliza nani aliyeviandika. Havikuwa vya presha. Vilikuwa vya kuwalaza wagonjwa wa akili waliochafukwa sana, na kwa mzee wa umri ule vingeweza kumwangusha au kumziba pumzi. Kutoka hapo Shamila alikwenda moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii, na hakuondoka ofisini mpaka alipoona kila neno lake limeandikwa.

Ukaguzi ulifika Jumapili, saa nne asubuhi, wakati wageni wamejaa barazani. Bi Kuluthumu alikuwa bado Kizota; wazee wengine wote kumi na watatu walikutwa wamelala vitini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na karatasi ya daktari kwa dawa aliyopewa. Meneja alisema ni agizo la daktari ambaye hakuweza kutaja jina lake. Aliondolewa wiki hiyo hiyo, na wenye kituo, ambao walikuwa wakikaa mbali na kupokea taarifa nzuri tu, wakatakiwa kumleta muuguzi mwenye leseni.

Shamila alidai pia Scolastika arudishwe. Ilichukua majuma sita. Siku aliyorudi, Shamila alimngoja getini, akamwomba radhi mbele ya Mzee Adamu, kwa kuwa alikuwa amemtukana mbele ya watu.

"Nimekusikia, dada," Scolastika alisema. Hakusema kwamba amemsamehe. Alipita ndani kubadili nguo za kazi.

Bi Kuluthumu naye alirudishwa, na yuko Mkonze hadi leo. Jina la Shami halijamtoka tena kinywani, na miguu imeanza kumwishia, hivyo siku nyingi analima akiwa amekaa chini, kwa kijiti. Siku hizi wageni wanaruhusiwa wakati wowote, na Shamila huja siku isiyojulikana, mara Jumanne, mara Alhamisi, akichungulia jikoni kwanza. Wahudumu wapya humwona mkorofi. Juma lililopita alimkuta Scolastika akimlisha mama yake uji na kuongea naye, na mle kwenye Kiswahili chake mlikuwa na vidoko viwili, vitatu, vya Kisandawe. Bi Kuluthumu alijibu kwa sentensi ndefu.

"Anasema nini?" Shamila akauliza.

"Anasema uji hauna chumvi."

Shamila aliuonja. Kweli haukuwa na chumvi. Akaenda jikoni kuitafuta.